Masomo ya sauti juu ya Tojo yanayouzwa Malindi: anza na sehemu ya nne

Kwenye maduka ya simu mjini Malindi, yale yanayojaza taarabu na mawaidha katika memori kadi za wateja, inauzwa seti ya masomo sita ya sauti kwa Kiswahili juu ya Tojo Hideki, jenerali aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani tangu Oktoba 1941 hadi Julai 1944, kisha akanyongwa Desemba 1948. Kila sehemu ina dakika arubaini na kitu. Seti nzima ni shilingi 250 ukija na kadi yako. Wasemaji ni wawili: mwalimu mtu mzima, na msichana anayeuliza maswali. Yeye humwita "Mwalimu", naye humjibu "mwanangu", na mazungumzo yao yana utulivu wa baraza baada ya isha. Hakuna muziki wa kupigia kelele maneno, na hilo peke yake ni la kushukuru.

Seti hii inafaa kununuliwa, hasa kwa ajili ya sehemu ya nne na ya tano. Sehemu ya pili ina makosa ambayo mwanafunzi wa historia wa sekondari asiyabebe hadi kwenye mtihani. Sehemu ya tatu imeiruka bahari yetu hii hii, na ni pengo kubwa kwa kitu kinachouzwa Malindi.

Masomo yoyote juu ya Tojo tunayapima kwa swali moja: je, yanaeleza ilikuwaje mtu aliyejirundikia vyeo kuliko waziri mkuu yeyote aliyemtangulia akang'olewa madarakani vita vikiwa bado vinaendelea, zaidi ya mwaka mzima kabla Japani haijasalimu amri? Wengi humweka Tojo katika kapu moja na Hitler, kana kwamba alitawala apendavyo mpaka siku ya mwisho. Sivyo. Chini ya katiba ya Japani ya 1889, amri ya majeshi ilikuwa ya Mfalme. Wakuu wa nchi kavu na wakuu wa majini kila mmoja alipeleka habari zake kwa Mfalme moja kwa moja bila kupitia kwa Waziri Mkuu. Tena tangu 1936 ilirudishwa kanuni kwamba waziri wa jeshi la nchi kavu na waziri wa jeshi la majini lazima wawe maafisa walio kazini. Jeshi likimwondoa waziri wake na kukataa kutoa mwingine, baraza zima huanguka. Asiyeyajua haya hataelewa Tojo alivyopanda wala alivyoshuka. Mwalimu wa seti hii anayajua vizuri, ila anayasema katika sehemu ya nne, wakati yalistahili kuwa ya kwanza kabisa. Ndiyo maana tunashauri usikilize ya nne kwanza, halafu urudi mwanzo.

Sehemu ya kwanza ni ya malezi, na inapita bila tabu. Tojo alizaliwa Tokyo tarehe 30 Desemba 1884, baba yake akiwa afisa wa jeshi. Alikuwa mtoto wa kiume wa tatu, lakini kaka zake wawili walifariki mapema, kwa hiyo nafasi ya kifungua mimba ikamwangukia yeye. Alihitimu chuo cha maafisa mwaka 1905, wa 10 kati ya 363. Alikuwa mtu wa bidii na kanuni, si mtu wa kipaji kikubwa. Baada ya Vita vya Kwanza alitumwa Uswisi na Ujerumani, akarudi nyumbani 1922 kwa kupitia Marekani. Wenzake walimwita Wembe. Dosari ni kwamba msichana anamwita "Jenerali Hideki" mara kwa mara na mwalimu hamrekebishi. Tojo ndilo jina la ukoo, na Wajapani hulitanguliza.

Sehemu ya pili ndiyo yenye kasoro nyingi. Inaanza sawasawa, na Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Mwaka 1935 Tojo aliwekwa kuwa mkuu wa polisi wa kijeshi wa Jeshi la Kwantung, jeshi la Japani lililokaa huko. Maafisa vijana walipoasi Tokyo tarehe 26 Februari 1936 na kuua wakubwa wa serikali, yeye huko aliko aliwakamata upesi wote walioshukiwa kuwaunga mkono. Hapo ndipo alipopata sifa ya mtu wa kutegemewa. Machi 1937 akawa mnadhimu mkuu wa jeshi hilo, Julai vita na China vikalipuka, 1938 akaitwa Tokyo kuwa naibu waziri, na Julai 1940 akawa Waziri wa Jeshi katika serikali ya Konoe Fumimaro. Mpaka hapo hakuna la kupinga.

Kosa la kwanza linakuja mwalimu anaposema kwamba Tojo "alimpindua" Konoe. Hakukuwa na mapinduzi. Julai 1941 majeshi ya Japani yaliingia kusini mwa Indochina, yaani Vietnam na jirani zake. Marekani ikazuia mali za Japani, na mafuta yakakatika. Japani ilikuwa ikitegemea Marekani kwa karibu asilimia 80 ya mafuta yake, na akiba iliyokuwapo ilipungua kila siku. Konoe alitaka mapatano. Marekani ilidai majeshi yatoke China. Tojo alisimama kidete kwamba kuondoka China ni kuzitupa roho zote zilizokwisha kupotea huko. Konoe akajiuzulu tarehe 16 Oktoba 1941. Aliyempendekeza Tojo kwa Mfalme Hirohito alikuwa Kido Koichi, Mtunza Muhuri, yaani mshauri wa karibu wa Mfalme. Hoja yake ilikuwa kwamba Tojo ndiye pekee anayeweza kulishika jeshi, na kwamba neno la Mfalme atalitii. Aliagizwa hata ayapitie upya maamuzi ya Septemba, ya kujiandaa kwa vita mapatano yakishindikana, bila kujifunga nayo. Aliyapitia, na tarehe 1 Desemba mkutano mbele ya Mfalme ukaamua vita. Mtu aliyeteuliwa kihalali ili azuie jeshi lisivuke mpaka ndiye aliyelivusha. Hadithi ya mapinduzi inalifuta jambo hili, na ndilo lenye funzo zaidi katika sehemu nzima.

Kosa la pili ni kumpa Tojo mpango wa kushambulia Pearl Harbor, kituo cha meli za kivita za Marekani huko Hawaii. Mpango ulikuwa wa jeshi la majini, na mwenye wazo alikuwa Admirali Yamamoto Isoroku. Tojo aliidhinisha vita akiwa Waziri Mkuu, na kwa hilo alistahili kujibu, lakini hakuchora ramani ya meli.

Kosa la tatu ni dogo ila huwachanganya wanafunzi kila mwaka. Msichana anasoma tarehe 7 Desemba, dakika chache baadaye mwalimu anasema tarehe 8, na hakuna anayeeleza. Hawaii ilikuwa Jumapili asubuhi, tarehe 7. Tokyo ilikwisha kuwa Jumatatu, tarehe 8. Hapa pwani ilikuwa Jumapili usiku, kama saa tatu. Na si kweli kwamba risasi ya kwanza ililia Hawaii: askari wa Japani walikwisha kushuka Kota Bharu, pwani ya Malaya, zaidi ya saa moja kabla ya mabomu ya Pearl Harbor.

Sehemu ya tatu inakwenda na ushindi wa mwanzo, kuanguka kwa Singapore tarehe 15 Februari 1942, kisha mapigano ya Midway, katika Pasifiki, mwezi Juni, ambako Japani ilipoteza meli nne za kubebea ndege. Tunaisifu kwa jambo moja: haikuogopa kueleza mateso. Reli ya Thailand na Burma, kilomita 415, ambayo Japani iliwajengesha mateka na vibarua, imeelezwa kwa utaratibu, kuanzia kazi usiku na mchana mpaka kipindupindu wakati wa mvua na chakula kisichotosha. Mateka wa nchi za Magharibi zaidi ya 12,000 walikufa, na vibarua wa Asia makumi ya maelfu. Mwalimu anaunganisha vizuri mateso hayo na ofisi ya Waziri wa Jeshi, kiti ambacho Tojo hakukiachia alipopata uwaziri mkuu. Anataja pia mwongozo wa askari uliotolewa kwa jina la Tojo Januari 1941, uliowataka wasikubali aibu ya kutekwa. Askari aliyefundishwa kwamba kutekwa ni fedheha kuliko kifo hawezi kumwona mateka wake kuwa binadamu kamili, na mwalimu analisema hilo kwa uchungu unaosikika.

Lakini Bahari Hindi iko wapi? Aprili 1942 meli za Japani zilishambulia Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, zikazamisha manowari za Uingereza, na kundi la meli za Waingereza likarudi nyuma kuja kutia nanga Kilindini, Mombasa. Mwezi uliofuata Uingereza iliivamia Madagaska kwa kuhofia Wajapani wataitangulia. Mwisho wa Mei nyambizi ndogo za Japani ziliingia bandari ya Diego Suarez zikaijeruhi manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huo huo askari wa Keya (King's African Rifles), katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na matope mpaka mto Chindwin. Vita vya serikali ya Tojo vilifika kwenye maji haya na vikachukua vijana wa nchi hii. Seti iliyotengenezwa kwa Kiswahili inatoa robo saa nzima kwa visiwa vya Aleut, kaskazini kabisa ya Pasifiki, na haina hata sentensi moja juu ya Kilindini. Watengenezaji wakitoa toleo la pili, hapa ndipo pa kuanzia.

Sehemu ya nne sasa. Sijui kama kuna maelezo mengine ya Kiswahili juu ya Julai 1944 yaliyo wazi kama haya.

Mwalimu anaanza na Februari. Marekani ilipiga kituo kikubwa cha Japani huko Truk, katikati ya Pasifiki, tarehe 17 na 18. Wakati huo huo nchi kavu na majini walikuwa wakigombania malighafi za kuundia ndege. Tojo aliona dawa ni moja, kushika mwenyewe. Tarehe 21 Februari 1944 akajitwalia na cheo cha mnadhimu mkuu wa jeshi, juu ya uwaziri mkuu, uwaziri wa jeshi na uwaziri wa silaha na zana za vita. Mshirika wake Admirali Shimada Shigetaro akafanya vivyo hivyo upande wa majini. Msichana anauliza swali lile lile ambalo msikilizaji angeuliza: si sasa amekamata kila kitu? Mwalimu anamjibu kwa kumhesabia vyeo kimoja kimoja na kumwonyesha nani anaweza kumkatalia katika kila kimoja. Jeshi la majini bado lilikuwa na mlango wake kwa Mfalme. Mawaziri wenzake hakuwa na uwezo wa kuwafukuza, kwani katiba haikumpa Waziri Mkuu mamlaka hayo. Alichoongeza ni lawama tu. Kushindwa kokote tangu siku hiyo kulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni yeye.

Kisha Saipan. Septemba 1943 serikali ilichora mstari wa ulinzi ambao haupaswi kuvukwa, na visiwa vya Mariana, Saipan ikiwa kimojawapo, vilikuwa ndani ya mstari huo. Wamarekani walishuka Saipan tarehe 15 Juni 1944. Tarehe 19 na 20 meli za Japani zilijaribu kuwazuia katika bahari ya Ufilipino, zikapoteza meli tatu za kubebea ndege na ndege zaidi ya 300. Tarehe 9 Julai kisiwa kilikuwa kimeshikwa. Kutoka huko ndege za mabomu aina ya B-29 zingeweza kwenda Tokyo na kurudi, na Novemba ndivyo zilivyofanya. Upande wa Burma nako, uvamizi wa Imphal, ng'ambo ya mpaka wa India, ulioanza Machi ulisitishwa Julai, jeshi likirudi na njaa na maradhi.

Hapo wazee wa dola wakasogea. Mawaziri wakuu wa zamani, Okada Keisuke akiwa mstari wa mbele pamoja na Konoe, walikuwa wakishauriana chini kwa chini. Kido, yule yule aliyempandisha, alimpa masharti: tenganisha cheo cha mnadhimu mkuu na uwaziri, mwondoe Shimada, waingize wazee katika baraza. Tojo alikubali. Shimada akaachia uwaziri, na Umezu Yoshijiro akachukua unadhimu. Ili kumpatia nafasi Admirali Yonai Mitsumasa, mmoja wa wazee hao, ilibidi waziri mmoja atoke, na Tojo akamtaka Kishi Nobusuke ajiuzulu. Kishi akakataa. Yonai naye akakataa kuingia. Waziri Mkuu asiyeweza kufukuza waziri, na asiyeweza kupata mwingine, hana la kufanya ila kuondoka na baraza zima. Tarehe 18 Julai 1944 Tojo akajiuzulu. Hakuna kifaru kilichotoka barabarani wala risasi iliyopigwa. Mwalimu anaongeza, na ni vizuri kaongeza, kwamba Kishi huyo huyo alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Japani mwaka 1957.

Nafasi ilichukuliwa na Koiso Kuniaki, kisha Aprili 1945 Suzuki Kantaro, na ni serikali ya Suzuki iliyosalimu amri mwezi Agosti. Wanafunzi wanaoandika kwamba Tojo alisalimu amri wasikilize dakika kumi za mwisho za sehemu hii mara mbili.

Sehemu ya tano ni ya kukamatwa na kesi ya makosa ya vita. Tarehe 11 Septemba 1945 Wamarekani walifika nyumbani kwake Setagaya. Alijipiga risasi kifuani, ikaukosa moyo, na madaktari wa Kimarekani wakamwokoa ili ahukumiwe. Msimuliaji hapa ametulia, hamkebehi mtu aliye damuni, na tunamheshimu kwa hilo. Kesi ilifunguliwa Ichigaya, Tokyo, katika jengo lililokuwa la jeshi, tarehe 3 Mei 1946: washtakiwa 28, majaji 11, rais wao William Webb wa Australia, mwendesha mashtaka mkuu Joseph Keenan wa Marekani. Siku hiyo ya kwanza mshtakiwa Okawa Shumei alimpiga Tojo kofi la upara, baadaye akaonekana hana akili timamu na akaondolewa kesini. Wawili walifariki, wakabaki 25, na wote walipatikana na hatia.

Kilele cha sehemu hii ni ushahidi wa tarehe 31 Desemba 1947. Tojo alisema hakuna Mjapani ambaye angekwenda kinyume na matakwa ya Mfalme. Maneno hayo yalimtia Mfalme mashakani, kwa sababu kama hakuna anayekwenda kinyume chake, basi na vita navyo vilikuwa matakwa yake, na Marekani ilikwisha amua kutomshtaki. Tarehe 6 Januari 1948 Tojo aliirekebisha kauli yake. Akasema Mfalme aliikubali vita kwa shingo upande kwa ushauri wake na wa wakuu wengine. Aliubeba mzigo ule kwa hiari. Mwalimu anampa msikilizaji nafasi ya kupima mwenyewe kama huo ulikuwa utiifu wa dhati au mpango wa pande mbili, na hiyo ndiyo njia sahihi.

Linalohitaji kurekebishwa: anasema majaji wote waliafikiana. Hawakuafikiana. Radhabinod Pal wa India aliandika kwamba washtakiwa wote waachiwe, na majaji wa Ufaransa na Uholanzi nao walitoa maoni yao ya kupinga. Hukumu ilikuwa ya walio wengi.

Sehemu ya sita ni nyepesi. Saba walinyongwa katika gereza la Sugamo mara baada ya usiku wa manane, tarehe 23 Desemba 1948, mmoja tu kati yao, Hirota Koki, akiwa raia. Miili ilichomwa na majivu hayakupewa familia. Mwaka 1978 majina yao yaliingizwa katika hekalu la Yasukuni, linalowaenzi Wajapani waliokufa vitani, na mpaka leo China na Korea hulalamika kiongozi wa Japani anapokwenda kuzuru. Baada ya hapo wasemaji wanageukia nasaha juu ya tamaa ya ukubwa kwa muda mrefu kupita kiasi. Dakika zile zingetosha kwa Khedive Ismail.

Upande wa ununuzi. Faili ni za MP3, sauti ya mkondo mmoja ya kilobiti 64 kwa sekunde, kama MB 21 kila sehemu na jumla kama MB 130, kwa hiyo kadi yoyote inatosha. Tumia kadi ya GB 32 au chini ya hapo iliyofomatiwa FAT32. Spika nyingi za bei nafuu hazisomi kadi kubwa zaidi zilivyotoka kiwandani. Mwambie anayekujazia akope faili moja moja kuanzia 01 hadi 06, kwa sababu spika hizo hufuata mpangilio wa kuingia kwa faili na si majina, na zikimwagwa zote kwa pamoja unaweza kumsikia Tojo akinyongwa kabla hajazaliwa. Spika ikizimika katikati, nyingi hurudi mwanzo wa sehemu. Ukiwa na kompyuta, zikate vipande vya dakika kumi. Kabla ya kulipa, cheza dakika ya mwisho ya kila sehemu pale pale dukani. Kadi bandia huonyesha nafasi ambayo hazina, na faili hukatika bila onyo. Ukitaka kumpelekea mwenzio kwa WhatsApp, itume kama hati, maana kwa njia ya kawaida ya sauti faili yaweza kukataliwa kwa ukubwa.

Spika ikianza kukwaruza au kuruka, aghalabu si kosa la faili. Hewa ya chumvi huotesha kutu la kijani kwenye miguu ya shaba ndani ya tundu la kadi. Izime, toa kadi, pangusa kwa pamba yenye tone la spiriti, iache ikauke, ndipo urudishe kadi. Kuna maduka yanayokubali kukuuzia sehemu moja moja kwa shilingi 50. Mwenye haraka achukue ya nne na ya tano tu.